MASWALI YA WASOMAJI: Misingi ya kuchora ni mingi, nianze na upi?

Mwezi huu barua nyingi zilizoingia ni za wachoraji, wengi vijana, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Nimechukua tatu. Ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana imebeba na za wengine, mbili za mwisho ntazijibu harakaharaka.

*Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Dunda hapa Bagamoyo, mchana nipo soko la samaki napara samaki na kubeba mizigo, usiku nachora. Nimejifunza kwa video za kwenye simu tu, sasa shida kila mtu anasema lake, huyu anasema chora visanduku mpaka mkono uzoee, mwingine anasema kama hujui misuli yote ya mwili basi hujui kitu, mwingine pespektivu, mwingine rangi, yaani nina madaftari yamejaa visanduku na mistari lakini nikikaa nimchore mjomba wangu anashona nyavu hata mwenyewe hajitambui. Mi nataka kuchora watu wa pwani na vyombo vyao basi, mengine sitaki. Hivi msingi upi ndo wa kuanza nao na upi ufuate? Na bila chuo ntafika kweli?*
— Kijana wa Dunda

Marahaba mwanangu. We umeshajijibu nusu bila kujua. Umesema unataka watu wa pwani na vyombo vyao, basi hapo ndo pa kuanzia, sio kwenye orodha ya mtu wa kwenye video ambaye hata hajui unataka kuchora nini. Na hao wote hawajadanganya, visanduku vina kazi yake, misuli ina kazi yake, rangi hivyohivyo, ila mgonjwa mmoja hamezi dawa zote za duka, anapimwa kwanza ndo anaandikiwa. Kwa hiyo swali la msingi upi ni wa kwanza kwa watu wote liache, jiulize mchoro wako wa mjomba unasumbuliwa na nini.

Fanya hivi. Jioni moja kaa karibu na mjomba, muombe, mchore dakika ishirini bila kufuta kitu hata kikiharibika. Ukimaliza, kabla hujainuka, piga picha moja ya simu kutokea hapohapo ulipokaa, simu iwe pale jicho lako lilipokuwa. Usimsogelee, maana picha ya karibu sana inakuza kilicho mbele, mikono inatoka mikubwa kuliko kichwa halafu utajilaumu bure kwamba ulikosea wakati ni simu. Kalale. Kesho yake weka mchoro na picha pamoja, tena mchoro ugeuze uuangalie kwa nyuma ya karatasi kwenye mwanga, maana jicho lilishauzoea ukiwa upande wa kawaida, ukigeuka tu kila kilichopinda kinajitokeza.

Sasa angalia. Je vitu viko mahali pake? Kama goti liko mbali na kiwiko na kwenye picha vinagusana, kama kichwa kimezidi mwili, tatizo ni kupima kwa jicho, na hapo hata ungekariri misuli yote isingekusaidia chochote. Kama vimekaa mahali pake ila mjomba yuko bapa, hana unene, hana nyuma wala mbele, tatizo ni umbo. Akiwa na unene lakini anaelea, hajakaa kwenye gogo na gogo halijakaa kwenye mchanga, hiyo ni pespektivu, yaani namna vitu vinavyoonekana kwa umbali na kwa usawa wa jicho lako. Kila kitu kikiwa sahihi ila amekakamaa, umekosa mwendo. Na kama hata mwendo upo lakini mtu akiutazama mchoro hajui aanze kuangalia wapi, hapo ni mwanga na mpangilio. Chukua kosa moja tu, lile kubwa kuliko yote, hilo ndo msingi wako wa wiki hizi mbili. Mengine yaache yaendelee kuwa mabaya, hamna shida.

Bila kuuona mchoro wako mi naweka dau kwenye kupima, kwa sababu wengi wanaoniletea madaftari yaliyojaa visanduku mkono wao ni mzuri kabisa, jicho ndo halijafundishwa. Kupima ni hivi: nyoosha mkono wote, kiwiko kisikunjike, funga jicho moja, shika penseli wima, ncha ikae juu ya utosi wake na kidole gumba kiishie kidevuni. Hicho ni kichwa kimoja. Shuka sasa uhesabu, vichwa vingapi mpaka pale anapokalia, vingapi mpaka kisigino, na kwa upana vingapi toka mgongoni mpaka magotini. Utasikia watu wanasema mtu mzima ana vichwa saba na nusu, ni kweli kwa wastani akiwa amesimama wima, ila mjomba amekaa na ameinamia nyavu, ukimlazimishia saba na nusu umempoteza. Mpime alivyo.

Afu we una bahati uko na wavuvi. Chukua mshipi wenye chubwi, uning'inize mbele ya jicho, tazama sikio lake likishuka moja kwa moja linaangukia wapi, begani? gotini? kwenye vidole vya miguu? Fundi ujenzi anatumia timazi kwenye ukuta, na wewe ni hivyohivyo ila ukuta wako ni mtu. Na zile nafasi tupu usizidharau. Pale kati ya mkono na kiuno kuna kipembe cha hewa, chora hicho kipembe kwanza uone mkono unavyokaa wenyewe. Kichwa chako kinajifanya kinajua mkono ukoje, kwa hiyo kinaacha kuangalia, ila kuhusu hicho kipembe hakijui lolote, lazima kiangalie. Kwenye ngalawa ndo utaona faida yake zaidi, mirengu na kamba na mlingoti vinakatana mpaka unachanganyikiwa, chora matundu yaliyo katikati yake na sio kamba.

Na macho jamani. Macho yako katikati ya kichwa ukipima toka utosini mpaka kidevuni. Wanaoanza karibu wote wanayapandisha juu, kwa vile uso ndo wanaouona wa maana, paji na fuvu la juu wanalikata, mtu anabaki hana pa kuvalia kofia.

Ukishaweza kuweka vitu mahali pake ndo uingie kwenye umbo, na hapo visanduku vyako vitapata kazi, ila usichore tena visanduku vya hewani. Chora ndoo. Soko la samaki limejaa ndoo, na ndoo ni silinda. Mdomo wake ukiutazama kwa juu kidogo sio duara tena, ni duaradufu, na kadri inavyokuwa chini ya usawa wa jicho lako ndivyo hiyo duaradufu inavyofunguka. Ndo maana mviringo wa kitako cha ndoo umefunguka zaidi kuliko wa mdomo, ila angalia michoro ya wengi, mdomo wameuzungusha vizuri na kitako wamepiga mstari wa rula, ndoo inaonekana imekatwa. Weka ndoo moja chini, moja kwenye meza, nyingine pandisha mpaka mdomo uwe usawa wa macho yako, utashangaa hapo mdomo umekuwa mstari tu. Chora hizo tatu mpaka uchoke. Ukizielewa umeelewa shingo, paja, mkono na tenga, silinda ni zilezile, hata mkunjo wa suruali gotini na bangili mkononi zinafuata duaradufu hiyohiyo.

Pespektivu watu wanaiogopa kwasababu wamekutana nayo kwenye mistari mingi ya majengo ya ghorofa. Kanuni zenyewe za mistari zilianza kupangwa vizuri kule Florence, Italia, na msanifu majengo Filippo Brunelleschi mwanzoni mwa karne ya 15, ila wewe nusu ya somo unalo ufukweni bure. Simama mchangani utazame pale bahari inapokutana na mbingu. Ule mstari uko usawa wa jicho lako. Mtu wa kimo chako aliyesimama mchanga ulio sawa na wako, awe hatua tano au hatua mia, mstari unampita machoni. Kaa chini sasa. Mstari umeshuka na wewe, unawakata watu mapajani, wote, wa karibu na wa mbali. Kwa hiyo kabla hujachora ufukwe wenye watu, amua umekaa au umesimama, piga mstari wa bahari, halafu kila mtu umpange kwa mstari huo, hamna atakayeelea. Walio chini kule majini mteremko utawashusha kidogo, hilo utaliona mwenyewe ukiangalia. Kosa la kawaida ni mchoraji kukaa, akachora bahari ya mtu aliyesimama, halafu akashangaa mashua zake zinapaa.

Misuli iache kwanza. Sio kwamba haina maana, ila majina yake hayachori. Unachohitaji sasa ni mfupa wa bega, mfupa wa kola, kiwiko kinachofika kiunoni mkono ukining'inia, kiganja kinachofunika uso toka kidevuni mpaka kwenye paji. Wavuvi wanafanya kazi vifua wazi, angalia mfupa wa mgongoni unavyosogea mtu akivuta kamba, ukishauona mara nyingi ndo utafute kitabu kikwambie unaitwaje.

Mwendo ndo penye raha. Wakisukuma mashua kuingia majini hamna atakayekusubiri, una nusu dakika, dakika moja ukibahatika. Usichore mtu, chora anachofanya: mstari mmoja toka kichwani mpaka kwenye mguu uliobeba uzito, mstari wa mabega, mstari wa nyonga, utaona mabega yameinama huku na nyonga kule, basi geuza karatasi. Rimu itaisha, iishe. Hivi vya haraka fanya kila siku hata kama msingi wako wa wiki hiyo ni mwingine, ni vya kupasha mkono.

Kuhusu mwanga, Bagamoyo yenyewe itakupangia ratiba. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea nyuma ya vyombo na ukiwa ufukweni unaona weusi tu wa mashua na watu, hamna macho wala vifungo. Hiyo ni saa ya kujifunza umbo la nje, jaza weusi wote bila kuchora kitu ndani, kama mtu hajulikani anafanya nini kwa weusi peke yake basi mkao uliochagua ni mbaya. Alasiri jua liko mgongoni kwako au ubavuni, linavipiga vyombo, hapo ndo pa kuona unene, upande wa mwanga na upande wa kivuli. Kunja macho mpaka uone mafungu matatu tu, cheupe, cha kati, cheusi. Saa sita mchana nenda kale. Rangi itakuja baada ya hapo, mtu ambaye hajui kitu gani ni cheusi zaidi ya kingine rangi inamzidishia maswali.

Ila nikwambie kitu, ungeniandikia unataka kuchora Tingatinga jibu hili lote ningelibadilisha. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na mtindo aliouacha hauhitaji duaradufu ya ndoo wala mstari wa bahari. Pale msingi ni umbo safi linalosomeka kwa mbali, kujaza nafasi, rangi za mafuta zinazopishana bila kugombana, na brashi isiyotetemeka kwenye doa na mstari. Miaka yote hiyo ya visanduku ingekuwa ya bure. Hata wale waliochora kwenye miamba ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006, hawakuwa na pespektivu na wanyama wao wanatembea mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ndo misingi ya kuchora, muulize kuchora nini.

Muda wako wa usiku ugawe katikati, nusu zoezi la lile kosa, nusu chora unachokipenda hata kibaya. Ukifanya mazoezi matupu utaacha, nimeona wengi, na ukichora unachopenda tu utarudia kosa lilelile kwa ufundi zaidi. Baada ya wiki mbili mrudie mjomba, mchore upya, angalia kosa kubwa sasa ni lipi. Mara nyingi limehama.

Chuo: kuna watu wamefika bila chuo na kuna waliotoka chuo hawachori. Ila we uko Bagamoyo, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapohapo, watu wanakuja toka mikoani kwa ajili yake, wanafundisha ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi tangu 1981 kilipokuwa Chuo cha Sanaa. Kama ada haipo nenda hata ukaangalie maonyesho yao, ukae na wanaochora. Na jambo la mwisho, omba ruhusa. Watu wa ufukweni wamechoshwa na kamera za wageni, mtoto wa hapa akitoa daftari bila salamu ataonekana walewale. Ukimuonyesha mtu mchoro wake kesho yake atakukalia mwenyewe.

*Habari za kazi mwalimu. Nina binti yangu yuko darasa la sita huku Ngamiani, Tanga, akitoka shule ni kuchora katuni za kwenye tivii tu, anaziiga mpaka huwezi kuzitofautisha, ila ukimwambia achore kuku wetu pale uani hawezi. Baba yake anasema kuiga ni kupoteza muda. Nimkataze? Na nimnunulie penseli gani?*
— Mama wa Tanga

Salama mama. Usimkataze. Kuiga kunamfundisha mkono na kunamfundisha subira, baba mwambie atulie. Ila kuiga hakumfundishi kuamua, kwasababu maamuzi yote, mstari uende wapi, nini kiachwe, yameshafanywa na aliyechora mwanzo. Kwa hiyo mpe kazi moja: katuni aliyoiiga leo, kesho aichore imegeuka upande, keshokutwa imekaa kwenye mkeka. Hapo hana pa kuigia, atalazimika kufikiria kichwa kina unene gani na miguu inakunjikaje, na atakuja mwenyewe kumuangalia kuku. Kuku naye ni mgumu jamani, hatulii. Aanze na kuku aliyelala.

Penseli: HB ya shule na 2B moja, ikipatikana 4B kwa ajili ya vivuli. Herufi B maana yake laini na nyeusi zaidi kadri namba inavyopanda, H ni ngumu na hafifu. Boksi la penseli ishirini na nne za rangi lisubiri. Na umwambie aache kusugua vivuli kwa kidole, karatasi inapata mafuta halafu penseli haishiki.

*Mwalimu za masiku. Toleo lililopita uliandika anayeanza aiweke rula pembeni. Mi nachora milango ya nakshi ya mji mkongwe wa Bagamoyo, nauzia wageni. Bila rula mlango unapinda, na nikitumia rula mfaa, ule mti wima wa katikati ya mlango, haukai katikati mlango ukiwa wa ubavuni. Nifanyeje?*
— Mchora Milango

Nzuri kaka. Rula uweke pembeni wakati wa mazoezi, kazi ya kuuza tumia, hamna polisi wa rula. Ila shida yako ya mfaa rula haiiwezi, kwa vile mlango ukitazamwa kwa upande nusu ya karibu ni pana kuliko ya mbali, ukigawa kwa sentimita lazima ukose. Chora fremu ya nje kwanza ilivyolala, halafu piga mistari miwili toka pembe mpaka pembe inayopingana. Inapokatana ndo katikati ya kweli ya mlango, pitisha mstari wima hapo, mfaa umepata kwake. Kila nusu nayo ikatize hivyohivyo unapata robo, na robo zinagawika tena, kwa njia hiyo unapanga maua ya kwenye miimo yakipungua sawasawa kuelekea mbali bila kupiga hesabu yoyote. Mlango wenye tao juu, lizungushie tao mstatili, ukatize, ndo ujue kilele kinakaa wapi.

Nakshi usichore yote. Upande wa karibu chonga kila jani, ukielekea mbali acha mistari ipungue, jicho la mteja litamalizia. Ila angalia saa unayokwenda, jua likiupiga mlango uso kwa uso nakshi yote inapotea, inataka jua la ubavuni au la kutokea juu linaloparaza, na kila mlango una saa yake kutegemea ukuta unaelekea wapi. Pita mtaani siku moja bila karatasi, andika mlango upi unapata jua hilo saa ngapi, ndo urudi na vifaa.